Hela ya Kupoza Moyo

Kila mwisho wa mwezi kuna maneno yanayosikika ofisini, kwenye daladala na jikoni, na anayeyasema huyasema kwa mshangao wa kweli: sijui hela imekwenda wapi. Zamani maneno hayo yalikuwa na utetezi. Noti zilitoka mfukoni moja moja, na mfuko hauweki kumbukumbu. Leo simu inaweka. Kila shilingi iliyotoka imeacha ujumbe wenye jina la aliyepokea, kiasi, tarehe, saa na dakika. Hela imekwenda mahali panapojulikana kabisa. Kisichojulikana ni nani hasa aliyeituma: yule mtu wa asubuhi aliyepanga kodi na ada, au mwingine aliyeamka ndani yake usiku.

Dada mmoja muuguzi, ninayefahamiana naye tangu alipohamia mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, aliniomba nikae naye tuzipitie jumbe zake. Mshahara ulikuwa umeongezwa, na bado alikuwa anakopa nauli. Tulikaa barazani, yeye na simu, mimi na daftari. Kodi, umeme, elfu kumi kwa mama yake Korogwe, vocha: hizo zote zilitoka mchana. Halafu kulikuwa na zile zilizotoka baada ya saa tatu usiku. Kijora, elfu thelathini na tano. Manukato. Pochi. Vikombe vya chai vya kioo, seti nzima. Viatu, elfu sitini, saa tano na dakika kumi na mbili. Tulipofika kwenye viatu alinyamaza, kisha akasema, "Dada, siku hiyo tulipoteza mtoto wodini."

Alifika nyumbani, akaoga, chakula hakikupita. Akafungua simu na kuanza kupitisha picha za maduka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukawa na jambo ambalo yeye ndiye wa kuliamua: vyeusi au vya kahawia. Muuzaji akajibu papo hapo, akamwita mpendwa, akamwuliza anavaa namba ngapi. Kesho yake bodaboda akavileta. Vimo kwenye boksi lake mpaka leo, na ile karatasi laini bado imejazwa ndani kwenye ncha za vidole.

Tukizungumzia watu wanaotumia hela vibaya, huwa tunataja tamaa, anasa, kupenda makuu. Sioni hata kimoja kati ya hivyo kwenye viatu ambavyo havijawahi kuvaliwa. Ninachoona ni mtu aliyetoka kazini na mzigo ambao hakuna aliyempokea, akautua kwenye simu. Hospitali anayofanyia kazi haina utaratibu wa kukaa na wauguzi baada ya siku kama ile. Zamu inaisha, saini inawekwa, kila mmoja anaelekea kituoni.

Wanasaikolojia wamelifuatilia jambo hili kwa subira. Mwaka 2004 Jennifer Lerner, Deborah Small na George Loewenstein walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani. Kundi moja la watu lilionyeshwa kipande cha filamu ambamo mvulana anafiwa na mtu wake wa karibu, jingine likaonyeshwa samaki baharini, kisha wakaulizwa bei ya kalamu za rangi. Waliohuzunika walikuwa tayari kutoa zaidi ili wapate kitu kipya, na wale waliokwisha kupewa kalamu walikuwa radhi kuziuza kwa bei ya chini. Huzuni iliwataka waachane na walichonacho, washike kingine. Mwaka 2008 Lerner akarudia, safari hii pamoja na Cynthia Cryder na wenzao, wakitumia chupa ya maji, na waliohuzunishwa wakakubali kulipa karibu mara nne ya wengine. Kilichonigusa zaidi ni kwamba walipoulizwa, washiriki hao walishikilia kuwa filamu haikuhusiana kabisa na bei waliyoitaja.

Kama kifo cha kwenye filamu kinaweza kupandisha bei ya chupa, na mlipaji asijue, basi kifo cha wodini kitafanya nini?

Kuna upande mwingine ambao washauri wa fedha huuruka. Scott Rick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2014 kwamba kuchagua kitu cha kununua kweli hupunguza huzuni. Maelezo yao ni kwamba huzuni humpa mtu hisia kuwa maisha yake yanaamuliwa na nguvu zilizo nje yake, na kuchagua humrudishia kauli. Kwa hiyo dada yule hakuwa mjinga. Alichofanya kilimsaidia, kwa usiku mmoja, na asubuhi kikamdai mwezi mzima.

Hamu hiyo ya kujirudishia kauli kwa kununua ni ya siku nyingi katika pwani yetu. Aprili 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuguswa na amri hiyo hadi 1909. Watu waliokuwa wakivaa merikani na kaniki, nguo zilizotangaza hali yao kabla hawajafungua kinywa, wakaanza kununua nguo nyingine. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza kwa kirefu jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kujifunga kanga, za mitindo iliyobadilika kila mara, na wanaume wakavaa kanzu na kofia walizokuwa wamenyimwa. Kipato chao kilikuwa kidogo mno. Mtu wa mahesabu angewaambia wanunue jembe kwanza. Mimi naamini doti ile ya kwanza ilikuwa miongoni mwa hela zilizotumika vizuri kuliko zote katika historia ya visiwa vile.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia mtu anakaripiwa kwa maneno haya: acha kununua usichokihitaji. Heshima inahitajika. Kuonekana kunahitajika. Swali la kumwuliza mtu, na la kujiuliza, ni kama kinachonunuliwa kina uwezo wa kuleta kile kilichokosekana. Kanga ilikuwa nao, kwa sababu kilichokuwa kimeporwa ni hadhi, na hadhi ya zama zile ilisomwa kwenye nguo. Viatu vya saa tano usiku havikuwa nao. Aliyekosekana alikuwa mtoto mmoja, na mtu wa kukaa naye kumzungumzia mtoto huyo.

Nikitafuta mahali ambapo hisia hutoa hela bila kumwachia mtu majuto, mawazo yangu huenda kwenye ukumbi wa taarabu. Mwimbaji anafika kwenye ubeti uliomgusa mama fulani. Mama anainuka, anakwenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti ameishika juu ionekane, anamtunza mwimbaji, anageuka, na njiani anamtazama au kwa makusudi hamtazami yule aliyekusudiwa. Uchungu wa mume, ushindi juu ya jirani, kijicho, vyote vimesemwa kwa noti moja mbele ya halaiki, na wimbo ukiisha amerudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyejidanganya kwamba amenunua bidhaa. Amelipia kusema, na amesema, na macho ya watu waliokuwapo ndiyo yaliyoweka kipimo. Wapo siku hizi wanaomwaga noti mpaka zinafagiliwa, na hao wana shida nyingine. Lakini desturi yenyewe ilielewa kwamba moyo una bajeti yake, ikaitengea mahali na saa.

Wanaume huachwa nje ya mazungumzo haya kwa sababu matumizi yao ya kujipoza yana jina zuri. Mtu amefokewa na mkubwa wake mbele ya vijana anaowaongoza. Mchana amepigiwa simu kwamba mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Jioni anaingia baa na kusema kwa sauti, ile meza pale wapeni wanachokunywa. Watu wanamwita mkarimu, na kweli kwa wakati ule anawapenda wote. Ada ilikuwa laki mbili na hakuwa nazo. Elfu themanini alikuwa nazo, na zilitosha kumfanya kwa saa mbili awe mtu asiyeshindwa na kitu. Mke wake atakapouliza, hataulizia kilichotokea ofisini. Ataulizia elfu themanini, naye atajibu kwa hasira, kwa sababu jibu la kweli lingemlazimu kuisimulia upya fedheha yenyewe.

Hatia nayo ina manunuzi yake. Mama aliyeko Muscat akifanya kazi za ndani, analea watoto wa watu wakati wake wanalelewa na bibi yao Singida au Mombasa, huanza kujaza sanduku miezi kabla halijasafirishwa: viatu vya saizi anayoikisia, mabegi ya shule, sabuni za kunukia, vitu ambavyo hata Kariakoo vipo na kwa bei nafuu. Sitathubutu kumwambia asitume. Naomba tu mtu amwambie kwamba simu ya nusu saa kila Ijumaa, na mtoto akaachwa aongee upuuzi wake wote, inafika mbali kuliko sanduku.

Kilichobadilika katika kizazi chetu ni umbali kati ya moyo na hela. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, na hakuna anayeweza kunishawishi kwamba haikuwa neema. Hela ya dawa humfikia mgonjwa kijijini kabla chai haijapoa. Kasi hiyohiyo humtumikia mtu anayelia. Hapo mwanzo, salio likiisha, mambo yaliishia hapo, na huko kuisha kulimlinda mtu na nafsi yake. Januari 2019 Safaricom ya Kenya ikaleta Fuliza, mteja akaweza kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Huku kwetu wateja wa Vodacom wana Songesha. Sasa mtu anaweza kutumia hela ambayo hana, akiwa kitandani, gizani, kabla machozi hayajakauka. Drazen Prelec na Duncan Simester waliwahi kuendesha mnada wa tiketi za michezo kwa wanafunzi wa MIT, na katika matokeo yao ya 2001 walioambiwa watalipa kwa kadi walifika hadi mara mbili ya bei ya walioambiwa watalipa taslimu. Noti ikitoka mkononi inauma kidogo, na maumivu hayo madogo yana kazi. Kwenye simu yamebaki tarakimu nne za namba ya siri, na kidole kimezizoea kiasi kwamba kichwa hakishirikishwi.

Ikishindikana hapo, ipo mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambayo nayo imehamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kidijitali bila leseni. Nilifurahi siku ile, kwa sababu tumewaona waliopitia mikononi mwa wakopeshaji wa namna hiyo: ukichelewa, wanawapigia ndugu, wakwe, hata mwalimu wa mtoto, kila aliyemo kwenye simu yako, na kutangaza deni. Utazame mzunguko wake. Mtu ananunua kwa sababu ya aibu, anakopa ili alipie, kisha anaaibishwa ili arejeshe, na ile aibu mpya ndiyo inayomrudisha dukani. Hakuna somo la bajeti linalouvunja mzunguko huo likiwa limeanza kwa kumwaibisha tena.

Wazee wetu hawakuwa na neno la kitaalamu kwa haya, lakini waliweka mambo kati ya huzuni na fedha. Kwenye matanga, nyumba yenye msiba haipiki. Majirani ndio wanaoleta sufuria, na aliyefiwa hatumwi dukani. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajifukizi, hatoki bila dharura. Sisemi eda iliwekwa kwa ajili ya hesabu za fedha. Ina sababu zake za kidini zilizo wazi. Naona tu kwamba katika kipindi ambacho huzuni ingemsukuma mtu kubadilisha kila kitu, kuuza samani, kununua nyingine, kutoa vitu vya marehemu kwa bei ya bure, desturi imemwambia tulia, na imempa watu wa kukaa naye wakati anatulia. Sisi tumebaki na siku chache za likizo ya msiba, na simu.

Mimi na dada muuguzi hatukuandika bajeti jioni ile. Daftari lilikuwa na safu ya kitu na safu ya bei. Tukaongeza ya tatu, ya kilichotokea siku hiyo. Kwanza aliandika "hamna" kwenye mistari mingi. Nikamwambia aache wazi, asilazimishe. Ilichukua wiki kadhaa ndipo maneno yakaanza kuja, na yalipokuja yakaonyesha mambo ambayo mimi nisingeyaotea. Huzuni ya kazini humtuma anunue vya kuvaa. Simu za kaka yake, anayemdai mchango kila mara na kumkumbusha nani alimsomesha, humtuma anunue vya nyumbani: vikombe, mapazia, zulia la mlangoni. Anasema baada ya simu zile hutamani nyumba ambayo ni yake kabisa, ambayo hakuna mtu anayeidai. Tangu alipolijua hilo, vikombe vimeacha kuwa tatizo la vikombe. Amezungumza na kaka, si kwa urahisi, na wamekubaliana kiasi cha mwezi ambacho hakiongezwi kwa simu.

Kuhusu usiku, amechagua njia ya kimwili kabisa. Mshahara ukiingia, sehemu kubwa huhamia benki kwenye akaunti ambayo hajaiunganisha na simu, kwa hiyo kuitoa ni lazima apande daladala na kupanga foleni. Akiona kitu usiku, hukipiga picha na kumwambia muuzaji atamjibu asubuhi. Vingi hajavijibu. Na kuna kibubu, kile kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote na kuachiwa tundu moja la kuingizia. Maseremala wetu bado wanavitengeneza, na kukifungua ni kukivunja. Alitenga pia elfu ishirini kwa mwezi ambazo haziulizwi. Hizo ni za kupoza moyo, anazitumia atakavyo, udi, kitabu, chipsi kuku, na haziandiki kwenye safu ya tatu. Napenda sana kwamba alizitenga. Mtu aliyejinyima kila kitu kwa hasira dhidi yake mwenyewe huja kununua kwa hasira hiyohiyo.

Wapo ambao haya hayawatoshi. Mtu anayeficha mizigo kwa jirani, anayefungua laini nyingine ili mwenzake asione deni, ambaye amejiapiza na kushindwa mara nyingi, asiachiwe daftari peke yake. Emil Kraepelin, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, aliielezea hali hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na watu wenye ujuzi wa kuishughulikia wapo. Kumpeleka kwao ni sawa na kumpeleka mwenye homa zahanati, hakuna la kuficha.

Lakini wengi wetu tunachokosa ni mtu mwingine wa kusimama kati yetu na hela kwa muda kidogo, bila kututukana. Kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu kinaifanya kazi hiyo bila kujitangaza. Mkopo huombwa siku ya kikao, kwa mdomo, mbele ya wote, na mwombaji anasema ni wa nini. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliyeachwa na mume wake, na mume akachukua samani za sebuleni zote, alikuja kuomba mkopo wa sofa. Alilia akiwa anaomba. Mwenyekiti, mama mtu mzima anayeuza samaki Feri, hakumwuliza atarejeshaje. Alimwuliza, "Mwanangu, usiku unalala na nani?" Wawili kati yetu wakapangiwa kwenda kulala kwake wiki ile, mfuko wa jamii ukamtolea hela ya chakula, na ombi la sofa likasogezwa hadi kikao kijacho. Kikao kilichofuata alikuja bado anataka sofa. Alikuwa amepima sebule, amepata fundi Keko wa bei nafuu, na hakutaka tena ile ya watu saba aliyoitaja mwanzo, alitaka ya watatu. Tukampa. Anarejesha elfu kumi na tano kila Jumapili, na vikao viwili vya mwisho tumevifanyia kwake.